Wa Ajabu kwa Nani?

Kuna sentensi moja ningeomba ipumzishwe kwa miaka kumi hivi: "Wakazi wa Msambweni waliachwa vinywa wazi baada ya kiumbe wa ajabu kupatikana ufuoni." Toa Msambweni uweke Watamu, uweke Kipini, uweke Pemba, sentensi haitikisiki. Ukiisoma moja umezisoma zote. Kuna picha ya kitu kimelala mchangani, kimevimba, miguu ya watu imekizunguka, na mtoto mmoja ameshika kijiti. Kuna mtu ambaye amesogezewa kipaza sauti aseme hajawahi kuona kitu kama hiki tangu azaliwe. Halafu habari inaisha. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina. Kesho yake video iko kwenye kila kikundi cha WhatsApp, na chini yake watu wamegawanyika: huyo ni jini, huyo ni nguva, hiyo ni dalili ya kiama, hiyo ni AI bana.

Mimi nina swali dogo tu. Wa ajabu kwa nani?

Kwa sababu Msambweni si jangwa. Anzia Gazi, teremka Munje, pita Mkunguni, nenda mpaka Bodo na ng'ambo kule Funzi: kila siku ya Mungu kuna watu wanaoingia baharini kama wewe unavyopanda matatu. Wapo wa ngalawa, wapo wa malema, wapo wa jarife, wapo akina mama wanaofuata pweza mwambani maji yakikupwa. Hawa hawana neno "samaki" peke yake. Ukimwambia mmoja wao umeona samaki, atakuuliza: pono, tafi, changu, chewa, kolekole? Kila jina limebeba habari: anakula nini, anakaa wapi, anachoma au hachomi, anauzika au ni wa kitoweo cha nyumbani. Hiyo ni maktaba. Mwandishi aliyefika saa saba mchana kwa pikipiki akamhoji kijana aliyesimama karibu zaidi na kamera, akarudi mjini kabla ya magharibi, hakuifungua. Kisha akatuambia "wakazi" wameshangaa.

Chukua papa shilingi. Wakati wa kaskazi, nje ya mwamba wa Diani, unaweza kubahatika kumwona: samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anayeweza kufika urefu wa basi, mgongo umejaa madoa meupe, na kwa ukubwa wote huo anakula vijidudu vya majini. Husimuliwa pwani kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye hata akammwagia sarafu za fedha mgongoni. Mafia, huko Tanzania, huyo huyo anaitwa potwe. Kwenye vitabu vya sayansi aliingia mwaka 1828, pale Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza, alipomchunguza mmoja aliyechomwa chusa katika ghuba ya Table Bay, Afrika Kusini.

Hebu litazame jina letu vizuri. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Kwa hiyo "papa shilingi" si jina la enzi za manabii. Lina umri wa kama bibi ya bibi yako. Maana yake ni kwamba juzi juzi tu watu wa ufuo huu walikuwa bado wanamtazama mnyama, wanamfananisha na kitu kilicho mfukoni, wanampa jina linalokaa. Hawakusubiri kuambiwa. Sisi wajukuu zao tuna simu yenye kamera tatu, na neno tulilolipata ni "ajabu".

Sisemi utambuzi ni rahisi. Mzoga uliokaa baharini wiki mbili unadanganya hata wataalamu. Mwaka 1977 meli ya uvuvi ya Kijapani, Zuiyo Maru, ilivuta nje ya pwani ya New Zealand mzoga wenye kichwa kidogo, shingo ndefu na mapezi manne. Mabaharia waliupiga picha, wakakata vipande vichache vya nyama, wakautupa usije ukawaharibia samaki wao. Japani nzima ikaanza kuota mijusi ya kale ya baharini. Vile vipande vilipopimwa vilielekeza kwa papa mmoja mkubwa wa maji ya baridi. Papa huyo akioza, taya na matamvua huanguka kwanza, kinachobaki ni fuvu dogo kwenye uti mrefu, na jicho la mtu linakamilisha "shingo" lenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1896, bonge la nyama lilitupwa ufuoni St. Augustine, Florida, na profesa mzima akaliita pweza mkubwa ajabu, akalipa na jina la kisayansi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuthibitisha kwamba yalikuwa mafuta ya nyangumi.

Lakini angalia tofauti. Wale mabaharia walikata vipande, wakapima urefu, wakachora. Walikosea jina, ila waliacha kitu cha kurekebishia kosa. Video yetu ya sekunde kumi na nne, yenye muziki juu yake, inaacha nini?

Utambuzi ni ufundi na hauanzii kwenye mshangao. Unaanzia mkiani. Mkia wa samaki umesimama wima na hupiga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi, pomboo na nguva umelala bapa na hupiga juu na chini, kwa sababu hao ni wanyama wanaonyonyesha ambao wahenga wao walikuwa na miguu na walitembea nchi kavu. Jambo hilo moja, ambalo mtoto wa darasa la pili analiweza, linaondoa nusu ya uongo wote. Halafu tazama mgongo: pomboo wetu wana pezi la mgongoni, nguva hana. Halafu mdomo, halafu ngozi. Programu za simu za kutambua picha zinasaidia kiumbe akiwa mzima na picha ikiwa safi. Mzoga uliofura, umeliwa na kunguru ubavuni, haufanani na picha yoyote, na programu nayo haina aibu, itakupa jibu lolote.

Sasa, wapo watakaosema: sawa, waulizeni wataalamu basi, habari za wavuvi za nini? Hao nawakumbusha kisa cha gombessa.

Desemba 1938, mjini East London, Afrika Kusini, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer aliona katika rundo la samaki wa meli ya uvuvi samaki mmoja wa rangi ya buluu, mapezi kama miguu mifupi. Alifanya kile ninachokipigania hapa: hakupiga kelele, alimchora, akampima, akampelekea mchoro Profesa J.L.B. Smith. Smith akatambua kwamba ni samaki wa ukoo uliodhaniwa umekwisha pamoja na dinosau. Ndiye ambaye Tanzania leo wanamwita silikanti na wana hifadhi kwa ajili yake kule Tanga. Kwa miaka kumi na minne Smith alimtafuta wa pili. Alizunguka pwani yetu yote, Kenya na Zanzibar ndani yake, akisambaza karatasi yenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Isome tena hiyo. Mtu anawatafuta wavuvi wa pwani ya Waswahili, na anawaandikia kwa lugha tatu za watu ambao hawavui.

Desemba 1952, karibu na Domoni, kisiwani Anjouan huko Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua kwa mshipi. Akampeleka sokoni kama samaki mwingine yeyote. Bahati nzuri mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alikuwa ameiona ile karatasi, akamzuia asikatwe, na samaki akabebwa kuvuka kisiwa mpaka Mutsamudu. Smith akatumiwa ndege ya jeshi kumfuata. Dunia ikashangaa. Wakomoro hawakushangaa: walikuwa wakimvua mara moja moja na jina walikuwa nalo, gombessa, samaki wa mafuta mengi asiye na ladha. Kilichokuwa kimepotea kwa miaka kumi na minne ni swali kwa lugha inayoeleweka.

Tumejifunza? Vitabu vya kutambulia viumbe vya pwani yetu vipo, na vingine ni vizuri sana. Vingi ni vya Kiingereza. Kiswahili kikipata nafasi humo ni jina tu pembeni, maelezo yote yamebaki ng'ambo. Kijana wa Munje aliyemaliza darasa la nane na anayejua bahari kuliko mimi na wewe hana ukurasa mmoja wa kumwambia atazame nini mkiani na ampigie nani. Kichidigo ndiyo usiulize.

Hayo yote yangekuwa ugomvi wa majina tu, wa watu wenye muda, kama si nguva. Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Uliza kijana yeyote wa mjini, Nairobi au hata Mombasa, nguva ni nini. Atakuambia ni mwanamke, juu mtu, chini samaki, nywele ndefu, anakaa juu ya jiwe. Katuni za watoto zikitiwa Kiswahili, huyo mrembo wa mikia ndiye anayeitwa nguva. Ukimtafuta nguva mtandaoni unaletewa wasichana waliovaa mikia ya plastiki. Kwa hiyo akitokea mtu akasema "ufuoni Msambweni kumeonekana nguva", nusu ya wasomaji wanacheka na nusu wanakimbilia dua.

Nguva ni mnyama. Anafika urefu wa mita tatu na uzito wa kilo mia nne au zaidi. Ngozi yake ni laini, ya kijivu au kahawia, yenye vinyweleo vichache. Mdomo umepinda kuelekea chini kwa sababu kazi yake ni kuchunga: anakula nyasi za baharini, anaweza kumaliza kilo arubaini kwa siku, na akipita anaacha michirizi mchangani kama mtu aliyepalilia. Ndugu zake wa karibu si nyangumi wala pomboo, ni tembo. Dume ana vijino vinavyochomoza kama vipembe. Jike ana chuchu mbili karibu na kwapa, kama tembo jike vilevile, na hapo ndipo hadithi ya mwanamke ilipoingilia. Christopher Columbus, Januari 1493, aliandikiwa kwamba ameona watatu kule Karibi na kwamba hawakuwa warembo kama wanavyochorwa. Maskini, alikuwa anatazama binamu wa nguva akila majani.

Mabaharia wa Ulaya walimwona mnyama wakamgeuza mwanamke. Sisi tulikuwa na mnyama, tukamwazima mwanamke wao, tukampa jina la mnyama wetu. Mnyama akabaki bila jina.

Najua, wazee wa pwani nao wana visa vyao vya nguva, na vingine haviandikiki hapa. Lakini wao walimjua mnyama kwanza, kisa kikafuata. Mzee aliyekuwa akitania juu ya nguva alikuwa pia anajua anapolala, anapumua vipi, nyama yake ina rangi gani. Sisi tumerithi utani bila mnyama.

Na si mnyama wa mbali. Mwaka 1967, kwenye pwani hii hii ya kusini ya Kenya, liliripotiwa kundi la nguva wapatao 500. Mia tano, pamoja! Miaka ya 1990, waliohesabu kwa ndege pwani ya Kenya waliona wachache wa kuhesabika kwa vidole. Desemba 2022, IUCN, shirika linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini: waliokomaa walikadiriwa kuwa chini ya 250 katika pwani yote ya ukanda huu. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, mimba huchukua mwaka na zaidi, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu mpaka saba. Na hawezi kukaa chini ya maji muda mrefu; akinaswa kwenye jarife usiku, kufikia alfajiri amekufa kwa kukosa hewa, bila mtu kumgusa.

Sasa tuseme kesho maji yanamleta mmoja ufuoni, karibu na Munje. Itakuwaje? Nimeshakuandikia habari yenyewe hapo juu, ijaze tu tarehe. Watasema kiumbe wa ajabu, au watasema nguva kwa maana ya mtu-samaki, na msomaji mwenye akili atapuuza kwa sababu amechoka na uongo. Jioni mzoga utafukiwa au utakatwakatwa, maana umeanza kunuka. Hakuna atakayejua kama alikuwa jike au dume, kama alikuwa na mimba, kama shingoni kulikuwa na alama ya wavu, tumboni kulikuwa na nyasi gani. Kwa mnyama ambaye wanaohesabu wanapanda ndege na kurudi bila kumwona, mzoga mmoja uliotambuliwa ni ushahidi kwamba bado wapo na wapo wapi. Tutakuwa tumeufukia ushahidi huo na kubaki na video.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa "vinywa wazi" hawaligusi. Wakati mwingine wakazi hawakuachwa vinywa wazi; wamevifunga. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotoka, adhabu yake kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Waliotunga walikuwa wanamfikiria jangili wa pembe za ndovu, na mimi siwalaumu kwa hilo. Lakini jiweke kwenye ngalawa. Umevuta jarife lako saa kumi na moja alfajiri, ndani kuna mnyama mkubwa aliyekufa, hukumtega, hukumtaka, na wavu umekuchanikia. Milioni ishirini hujawahi kuziona hata kwenye ndoto. Utapiga simu? Ukiulizwa na mgeni mwenye kamera umjibu, "Ndiyo, huyo ni nguva, nawajua, hupita pale"? Utasema hujawahi kuona kitu kama hicho tangu uzaliwe. Mtu mwenye akili timamu atasema hivyo, na mwandishi ataandika kwa furaha kwamba wakazi wamepigwa na butwaa.

Kama serikali inataka kweli kujua nini kiko kwenye maji ya Kwale, iseme waziwazi, kwa Kiswahili na Kidigo, kwenye ofisi ya kila BMU kuanzia Gazi mpaka Vanga, kwamba anayeripoti mnyama aliyenaswa kwa bahati mbaya hakamatwi wala hanyang'anywi chombo. Ibandikwe ukutani, na chini yake iwekwe namba ya simu inayopokelewa. Bila hivyo tutaendelea kupata viumbe wa ajabu mpaka wa mwisho wao.

Ili tusidanganyane: mvuvi naye hajui kila kitu. Jina "papa" limebeba papa wengi ambao mwanasayansi lazima awatenganishe, wengine wanalindwa na wengine hawalindwi. Kasa na ng'amba mvuvi anawatofautisha kwa mbali, lakini yule kasa mkubwa wa mgongo wa ngozi, asiye na gamba gumu, hupita tu maji ya Kenya na hatagi kwetu; mtu anaweza kuvua maisha yake yote asimwone. Akimwona atashangaa kwa haki. Hapo ndipo mtaalamu wa KMFRI anapohitajika, na mara nyingine kipande cha nyama kwenye chupa ya spiriti kinasema zaidi ya sisi sote. Ninachokataa ni ule mpangilio wa siku zote, ambapo mvuvi anaitwa kushangaa, mtaalamu anaitwa kueleza, na hao wawili hawakutanishwi.

Na wewe uliyeshuka Diani na marafiki wikendi ndefu, ukatembea kusini mpaka ukakikuta kitu kimelala. Usikiguse kwanza, hasa kama ni kidude cha buluu chenye kifuko cha hewa na kamba ndefu. Huyo ni wa jamii ya yavuyavu na anachoma hata akiwa amekufa. Piga picha ya mkia, halafu ubavu mzima, halafu kichwa, halafu tumbo. Vua ndala uiweke kando yake ili urefu ujulikane. Andika siku, saa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Kisha, kabla hujaituma popote, msubiri yule bi anayetoka mwambani na pweza wake kwenye kijiti, umwamkie vizuri, umwonyeshe, umuulize wao humwitaje.